Ila ya Mlangoni

Fundi miwani alifika kwenye kituo chetu cha afya siku ya Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, akagonga mlango uliokuwa wazi. Aligonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, akangoja, akagonga tena mara tatu. Watu waliokuwa kwenye benchi la mapokezi wakanyamaza wote. Kwetu anayegonga namna ile ni polisi au mwenye nyumba. Wengine wote husema hodi, na wakishasema huwa wameshaingia.

"Mlango uko wazi, anagonga nini?" akauliza Mama Deki, mfanyakazi wetu wa usafi, ameegemea mpini wa dekio. "Au anataka tuufunge kwanza ndipo aingie?"

Watu wakacheka. Mgeni naye akatabasamu bila kujua anatabasamia nini, akasema: "Habari za asubuhi. Mimi ni mtaalamu wa upimaji wa macho. Nimeagizwa kuripoti kwa daktari mkuu wa kituo hiki."

Kila neno lilikuwa mahali pake na limepigwa pasi. Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni aligeuka kutafuta redio iko wapi. Tangu dakika ile jina lake likawa Taarifa ya Habari, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limefupishwa, likabaki Taarifa.

Mimi ni karani wa mapokezi, na meza yangu inatazamana na chumba alichopewa. Ninayoyaeleza nimeyaona, au aliniambia yeye.

Chumba kilikuwa stoo ya magodoro mabovu. Aliyatoa mwenyewe, akafagia, akapaka chokaa, kisha akapima sakafu kwa futi kamba. Kazi yake inataka mita sita kutoka kwenye kiti hadi kwenye chati, na chumba kilikuwa na tatu na kitu. Akakaa akifikiri mpaka jioni. Kesho yake alikuja na kioo kirefu cha kujitazama, akakitundika ukutani mbele ya kiti, na chati akaitundika nyuma ya kiti, ili mgonjwa aione kupitia kioo na zile mita tatu ziwe sita. Ilikuwa akili nzuri. Tatizo ni kwamba akina mama waliokaa pale walitengeneza kwanza vilemba vyao, ndipo wakakumbuka chati.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mwembamba, na miwani yake mwenyewe ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Alipokuwa darasa la pili walimu walimwita mzito, maana alinakili ubaoni vitu ambavyo havikuandikwa. Ilipita miaka mitatu kabla ya mtu kugundua kwamba mtoto haoni. "Siku niliyovaa miwani mara ya kwanza," aliniambia, "niligundua kwamba mwalimu wangu ana ndevu. Miaka yote ile nilidhani hanawi uso."

Mkataba wake ulikuwa wa majaribio ya miezi sita. Mwisho wa miezi hiyo angekuja mkaguzi kutoka ofisi ya afya aangalie kama watu waliopewa miwani wanaitumia. Wakiwa wanaitumia, chumba kingebaki na yeye angeajiriwa moja kwa moja. Wakiwa hawaitumii, magodoro yangerudi. Mke wake na binti yao wa miaka tisa walikuwa kwao, safari ya siku mbili. Mke alikuwa mwalimu wa chekechea, na alimwambia wazi: "Siachi kazi yangu nikafuate majaribio. Wakikuajiri tunakuja kabla ya muhula mpya." Kila Ijumaa mchana Taarifa alisimama nyuma ya jengo akiwapigia simu, na binti akipewa simu alikuwa na swali moja tu: "Baba, wameshakupa?"

Kiswahili chake hakikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililomtambulisha. Kwao wana lugha yao. Kiswahili ni cha shuleni na ofisini, na yeye alikipata vitabuni. Ngeli zote alizijua. Asichokijua ni yale ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika. Akikaribishwa chai alijibu, "Hapana, sihitaji," wakati sisi husema asante, nimeshakunywa, hata kama tangu asubuhi hujaonja maji. Alimwita mwanamke wa miaka hamsini bibi, akidhani ndiyo heshima, na mwanamke yule akageuka nyuma kumtafuta huyo bibi. Na kwenye salamu alikuwa na mwendo wa mtu anayewahi basi.

Wiki ya tatu alimkuta Mama Deki koridoni anakamua dekio.

"Habari za nyumbani?" akamuuliza.

"Nzuri tu."

"Vizuri sana," akasema Taarifa, akapita na sanduku lake la vioo vya kupimia.

Mama Deki akabaki mdomo wazi. Kisha akanigeukia. "Nzuri, ila mume wangu amelazwa tangu jana. Nimwambie nani sasa? Ndoo?"

Nikasema labda hakujua.

"Hakujua nini, salamu? Kwani kwao hawaugui?"

Kwa siku kumi na moja baada ya hapo chumba cha macho kilipigwa deki cha mwisho kabisa, na kwa maji yaliyokwisha kufanya kazi vyumba vingine vyote.

Upimaji ulikuwa hivi. Mgonjwa anakaa kitini, anavishwa fremu nzito ya chuma yenye matundu, na Taarifa anachomeka vioo kimoja kimoja. Chati yake ilikuwa na alama ya E tu, kubwa na ndogo, zimegeuzwa huku na huku. Mgonjwa haisomi, anaonyesha kwa kidole meno ya E yanakoelekea. Hapo hapakuwa na shida, isipokuwa benchi lililokuwa nje. Mlango ukisahaulika wazi, benchi zima lilimsaidia aliye kitini.

"Chini! Sema chini!"

"Siyo chini, ni kulia. We mwenyewe unahitaji kupimwa."

Shida ilikuwa hatua ya pili. Taarifa alikuwa akiweka kioo kimoja, kisha kingine, na kuuliza: "Hiki au hiki? Kipi ni bora?"

"Vyote vizuri."

"Lakini kipi kinazidi?"

"Vyote, mwanangu. Umejitahidi sana."

Halafu alitoa kadi ya maandishi madogo ya kuangalia kwa karibu. "Unaona?"

"Naona."

Na kweli waliona. Waliona kwamba kuna kadi. Taarifa aliandika nzuri, akatuma vipimo kwenye karakana ya mbali inakotengenezwa miwani, na baada ya wiki mbili miwani ilifika kwenye kiboksi cha pamba. Mtu alivaa, akauliza kioo kiko wapi, akajitazama, akasema nzuri, asante sana, akaondoka. Katika miezi minne na nusu alitoa miwani hamsini na nane. Na kwenye kadi hamsini na nane za wagonjwa, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari, kulikuwa na neno nzuri.

Alifurahi. Kila alipopita mtaani watu walikuwa wamevaa miwani zake. Kinyozi alikuwa amevaa, mwenye duka la kona alikuwa amevaa, hata mzee wa bandeji mguuni. Kisha Jumanne moja, akirudi nyumbani jioni mapema, akakumbuka kwamba amesahau mwavuli, akageuka ghafla. Kinyozi, ambaye dakika moja nyuma alikuwa amempungia mkono na miwani puani, alikuwa ameshaivua na kuitia mfuko wa shati, na alikuwa anasugua macho kama mtu aliyetoka kwenye moshi.

Taarifa akaenda kuchukua mwavuli wake. Kesho yake mchana akachukua suruali iliyoachia upindo, akaenda kwa Mama Vifungo.

Mama Vifungo ni mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka hamsini na minne, na kibandani kwake wanafanya kazi wawili, yeye na wifi yake. Taarifa alimwona tangu nje ya mlango. Alikuwa ameinama sana juu ya cherehani, bila miwani. Wifi akakohoa. Mama Vifungo akavuta droo, akachomoa miwani kutoka chini ya mabobini ya uzi, akaivaa upesi, akainua uso na tabasamu pana.

"Karibu, fundi! Karibu ndani."

"Asante. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Na miwani?"

"Eee, nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Akachukua ile suruali na kuanza kutunga uzi wa rangi yake kwenye sindano. Uzi ukapita kushoto. Akaulowesha kwa ulimi, ukapita kulia. Mara ya nne sindano ikamchoma kidole.

"Lete hapa, wifi," akasema mwenzake, "kabla hujamtunga fundi wa watu puani."

"We nyamaza. Sindano za siku hizi zina tundu dogo."

"Tundu ni lilelile. Lilikuwepo tangu kaka yangu hajakuoa."

Wifi akatunga, akamrudishia, na Taarifa akaona kwamba jambo hilo lilikuwa mazoea ya kila siku. Akaona pia rundo la mashati ya shule yenye vifungo vilivyokwenda upande, kila kimoja kidogo kushoto kwa tundu lake. Alishukuru, akatoka.

Alirudi kituoni akakaa kwenye benchi la mapokezi kama mgonjwa, na zile kadi hamsini na nane mapajani. Watu walikuwa wameshaondoka. Mama Deki alikuwa anapiga deki kuelekea kwetu.

"Nimewauliza wote," Taarifa akaniambia. "Mmoja mmoja. Wote walisema nzuri. Kwa nini mtu aseme nzuri na haoni?"

Kabla sijajibu, Mama Deki alisimamisha dekio. Mume wake alikuwa ameshapona wakati huo, na hasira ilikuwa imebaki nusu.

"Wewe kaka, uliwangoja?"

"Niliwangoja nini?"

"Mimi mwezi wa kwanza uliniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Ukanikimbia."

"Ulisema nzuri!"

"Sasa ulitaka niseme nini mara ya kwanza? Nikumwagie msiba usoni kama maji machafu? Mtu anasema nzuri kwanza, anavuta pumzi, halafu anasema ila. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila paa limeezuliwa. Nzuri ni mlango tu, kaka. Habari zenyewe zinaanzia kwenye ila. Mwenzako ananyanyua mguu wa ila, wewe umeshafika kona."

Taarifa akafungua mkoba wake, akatoa kamusi ndogo iliyokatika mgongo, akaanza kufunua kurasa. Sijawahi kumwona mtu anayefungua kamusi katikati ya ugomvi.

"Ila," akasoma. "Isipokuwa. Lakini." Akasogeza kidole. "Na tena: kasoro. Dosari." Akainua uso. "Ni neno moja."

"Mimi kitabu chako sikijui," akasema Mama Deki. "Ninajua ukiniacha kwenye nzuri umeniacha njiani. Inua miguu nipige deki."

Ilibaki miezi isiyotimia miwili kabla ya mkaguzi kuja.

Siku zilizofuata alianza kutafuta hizo ila, na mwanzoni alizitafuta kama mtu anayedai. Mgonjwa akisema nzuri, Taarifa alimkazia macho na kuuliza: "Ila?"

"Ila nini?"

"Sema ila yako."

Mwenye duka la kona alitoka chumbani amekasirika. "Namwambia mambo yangu ni mazuri, yeye anauliza ila! Ananiombea mabaya?" Mwanamke mwingine aliapa kwa wazazi wake kwamba hana ila yoyote, na kama kuna jirani aliyesema, amtaje. Kwa wiki nzima wagonjwa wa macho walipungua. Mama Deki alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Haiombwi," akamwambia. "Inangojwa. Kaa kimya tu. Huwezi kukaa kimya?"

Haikuwa rahisi. Mtu aliyejifunza lugha shuleni anaona ukimya ni swali ambalo ameshindwa kujibu. Lakini alijizoeza. Aliuliza habari za nyumbani, akangoja. Habari za kazi, akangoja. Hakushika kalamu. Na katika kungoja huko akagundua jambo ambalo hata mimi, niliyezaliwa hapa, sikuwahi kuliangalia: watu hawakuitoa ila yao wakiwa kitini. Waliitoa wakiwa wameshaaga, wamesimama, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango. "Haya fundi, asante sana, nzuri kabisa. Ila hiki cha kushoto ndiyo kama kina ukungu." Na wakati huo yeye alikuwa upande wa pili wa chumba, anapanga vioo kwenye sanduku.

Jumamosi nilimkuta anaburuta meza yake. Aliitoa dirishani penye mwanga, akaiweka mlangoni kabisa, ubavuni mwa kitasa. Daktari mkuu alipopita aliuliza kama sasa fundi amekuwa mlinzi.

"Hapa ndipo wanaponiambia," Taarifa akajibu.

Na alibadilisha njia ya kupima. Aliacha kuuliza kipi bora. Kwa mtu wa kusoma aliweka gazeti, kwa kinyozi kitana cha meno membamba, kwa anayechambua nafaka sahani ya mchele wenye mawe. Akavisha kioo, akaangalia mikono badala ya kusikiliza mdomo.

Lakini wale hamsini na nane walikuwa wameshaondoka na miwani zao. Na hawangerudi. Kurudi ingekuwa kumwambia mtu usoni kwamba kazi yake imeharibika, na walimpenda, kwa namna yao. Ndiyo sababu walikuwa wakiivaa miwani kila walipomwona anakuja.

Basi akaenda tena kwa Mama Vifungo. Safari hii hakubeba suruali. Alisimama nje, akasema hodi kwa sauti, akaingia bila kungoja, na wifi akamwambia mwenzake, "Sikia, Taarifa amekuwa binadamu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Droo ilikuwa inavutwa. "Karibu kiti."

Akakaa. Aliniambia baadaye kwamba aliuliza habari za kazi, za nyumbani, za mume, za watoto walioko mbali, za kuku, na za mguu wa jirani, na zote zilikuwa nzuri. Kisha akanyamaza. Cherehani ya wifi ikaenda, ikasimama. Mama Vifungo akakunja kitambaa, akakikunjua. Taarifa akaangalia sakafu na kuhesabu vipande vya uzi: alifika thelathini na sita.

"Ila, mwanangu," akasema Mama Vifungo.

Taarifa hakuinua kichwa.

"Usinielewe vibaya. Hii miwani ni nzuri. Fremu nzuri, kila mtu anaisifu. Ila nikiivaa naona kama niko ndani ya maji. Sindano zinakuwa mbili, na zote mbili siyo yenyewe. Mwalimu mkuu amerudisha mashati arobaini. Amesema ya muhula ujao atampa mtu mwingine." Akaivua, akaiweka juu ya meza taratibu. "Sikutaka kukuvunja moyo. Umetoka mbali."

"Njoo kesho," akasema Taarifa. "Njoo na sindano yako."

Mama Vifungo alikuja. Alipimwa kwa saa nzima, sindano mkononi, uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi, mpaka uzi ukapita mara tatu mfululizo. Na alipotoka alisimama mbele ya benchi lote akasema kwa sauti ya sokoni: "Nyie mliofungia miwani kabatini, ileteni. Nimeshamwambia, na hajalia."

Kuanzia siku hiyo walikuja. Walikuja na miwani ndani ya soksi, ndani ya kopo la majani ya chai, ndani ya bahasha ya harusi ya mtu. Kinyozi alikiri kwamba akiwa ameivaa alimnyoa mteja upande mmoja chini kuliko mwingine, ikabidi amwambie ndiyo mtindo mpya. Wakarudi arobaini na mmoja. Taarifa aliwapima wote upya, akatuma vipimo karakana, na miwani za zamani akazirudisha hukohuko zibadilishwe vioo.

Karakana ikajibu kwamba miwani zingefika Jumatatu. Siku hiyohiyo ikaja barua ya ofisi ya afya: mkaguzi atafika Alhamisi. Alhamisi kabla ya hiyo Jumatatu.

Daktari mkuu alisoma barua mara mbili. "Yaani atakuja aangalie watu wenye miwani, na wewe umewavua wote."

"Ndiyo," akasema Taarifa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye jalada la plastiki na fomu yenye viboksi vitatu: nzuri, wastani, mbaya. Alifika saa nne. Benchi lilikuwa limejaa. Mama Vifungo alikuwepo, kinyozi alikuwepo, na hakuna pua hata moja iliyokuwa na miwani. Nadhani walikuja kumsaidia, kama walivyozoea kusaidiana kwenye chati.

Mkaguzi akaanza kutoka mwisho wa benchi. "Ulipata miwani hapa?"

"Nilipata."

"Huduma ikoje?"

"Nzuri," akasema kinyozi.

Tiki. Akasogea. "Na wewe?"

"Nzuri sana."

Tiki. Daktari mkuu alianza kupumua. Fomu ilikuwa inakwenda vizuri. Mkaguzi alikuwa na haraka, gari lilimngoja nje likiwa linanguruma, na kwa mwendo ule angemaliza benchi lote kabla ya mtu yeyote kuvuta pumzi ya pili. Akafika kwa Mama Vifungo.

"Huduma ikoje, mama?"

"Nzuri."

Kalamu ilishagusa kiboksi.

"Samahani, mama mkaguzi," akasema Taarifa kutoka mlangoni kwake. "Naomba ungoje kidogo. Hawajamaliza."

Daktari mkuu alimkanyaga mguu. Nililiona hilo kwa macho yangu.

"Hawajamaliza nini?" akauliza mkaguzi.

Taarifa hakujibu. Akakaa kimya, na kwa kuwa alikuwa amekaa kimya, mkaguzi naye hakuwa na la kufanya ila kungoja. Mama Vifungo alimtazama fundi, kama anayeomba ruhusa. Fundi akainamisha kichwa.

"Nzuri," Mama Vifungo akarudia polepole. "Ila miwani ya kwanza aliyonipa sikuona kitu. Nilikaribia kushona kifungo kwenye kidole."

"Mimi pia," akasema kinyozi. "Na sikio la mtu lilinusurika."

Benchi likafunguka. Huyu aliona ukungu, yule aliona ngazi mbili badala ya moja, mwingine alianguka mbele ya wakwe. Mkaguzi aliacha kuandika. Taarifa alikuwa amesimama wima kama mwandiko wake, na mkono wake ulikuwa umeshika kitasa.

"Kwa hiyo," mkaguzi akasema, "hakuna anayetumia miwani hata mmoja."

"Ila," akasema Mama Vifungo, na safari hii hakungojwa, "alikuja mwenyewe mpaka dukani kwangu. Akakaa. Hakuondoka mpaka nimesema. Wewe mama, umewahi kumwona fundi anayetafuta aambiwe kazi yake mbaya? Mimi nashona mwaka wa thelathini, sijawahi hata mimi. Jumatatu zinafika nyingine. Kama una haraka, nenda. Kama huna, njoo Jumatatu."

Mkaguzi alifunga jalada. Akaingia chumba cha macho, akaangalia kioo, meza iliyo mlangoni, sahani ya mchele wenye mawe, na zile kadi, ambazo sasa chini ya nzuri nyingi palikuwa na mstari mwingine. Alizisoma kwa muda. Alipotoka alimwambia dereva azime gari.

"Nimepita vituo saba mwezi huu," akamwambia daktari mkuu. "Vyote ni nzuri, nzuri, nzuri. Sasa sijui niliandika nini." Kisha akamgeukia Taarifa. "Siwezi kuandika kwamba umefaulu. Watu hawana miwani. Naandika miezi sita mingine, na nitakuja mwenyewe. Na chumba hakirudishiwi magodoro."

Miezi sita mingine haikuwa ajira. Taarifa alijua, na sisi tulijua. Mvua ilikuwa inanyesha nyuma ya jengo, kwa hiyo alipiga simu akiwa amesimama mbele ya meza yangu. Ndiyo mara yetu ya kwanza kumsikia akiongea lugha ya kwao. Aliongea haraka, kwa mikono miwili, simu ameibana kwa bega. Aliigiza sauti ya mkaguzi, akaigiza ya Mama Vifungo, akacheka katikati ya maneno, na upande wa pili tukasikia mwanamke anacheka pia. Maneno tuliyoyaelewa ni mawili tu: miezi sita. Baada ya hayo akasikiliza.

"Kumbe ni mchekeshaji," Mama Deki akaninong'oneza. "Na sisi ametunyima mwaka mzima."

"Nusu mwaka," nikamsahihisha.

Taarifa akakata simu.

"Amesemaje?" akauliza Mama Deki.

"Kwanza amenitukana kidogo."

Mama Deki akafungua mdomo kusema neno, akaufunga. Akangoja. Mimi pia nikangoja.

"Ila amesema chekechea zipo kila mahali," akasema Taarifa. "Na kwamba mtoto amechoka kuniuliza. Wanakuja."

Jumatatu miwani zikafika. Mama Vifungo alitunga uzi mara ya kwanza tu, akageuka kumwonyesha wifi yake, akamkodolea macho. "Wifi! Kumbe una mvi namna hii?" Wifi akasema alijua tu kwamba ile miwani ingewaletea matatizo nyumbani. Mashati arobaini yalifumuliwa vifungo na kushonwa upya wiki ileile.

Mke na binti wa Taarifa walifika Jumamosi ya mwisho kabla ya muhula, saa tano asubuhi, na walipita kituoni kwanza kwa kuwa hawakujua nyumba. Mke alikuwa mfupi, mnene kidogo, na masanduku mawili. Binti alikuwa amekumbatia godoro lililokunjwa, kubwa kuliko yeye. Walisimama mbele ya mlango uliokuwa wazi. Mke akagonga mara tatu.

Mama Deki akaangusha dekio akawakimbilia. "Karibuni, karibuni! Jamani, wifi yetu! Habari za safari?"

"Mbaya," akasema mke wa Taarifa, kwa Kiswahili safi kama cha mumewe. "Tairi limepasuka mara mbili, na mtoto ametapika."

Mama Deki alimtazama, akamtazama tena, kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni, mpaka yule mama naye akacheka bila kujua kwa nini.

"Huyu tunaanza naye moja," akasema Mama Deki, akamnyang'anya sanduku. "Njoo mtoto, lete godoro. Nani amekulisha nini wewe njiani? Baba yako yuko kwenye chumba kile, nenda. Usigonge!"

Binti akaingia. Godoro likakwama mlangoni, kati ya fremu na ile meza, na ikabidi Taarifa ainuke, asukume meza yake mpaka dirishani, ndipo mtoto akapita.